Siku 3 Berlin na marafiki: anzeni kwa mjusi wa Tendaguru

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni binti wa Lindi, nasoma mwaka wa pili Poznań, Poland. Mwishoni mwa Mei nataka kwenda Berlin na marafiki zangu watatu: Mkenya, Mpolandi na Mhindi. Tutafika kwa treni Ijumaa asubuhi na kurudi Jumapili jioni. Hela ni kidogo, na kila mtu ana orodha yake, mpaka tumeanza kununiana. Nimesikia yule dinosaria wa kwetu yuko huko na nataka sana kumwona, ila naogopa kuwachosha wenzangu na mambo ya makumbusho. Tena huyu rafiki yangu Mkenya kadi yake ya ukaazi imeisha, anasubiri mpya. Ana muhuri wa maombi kwenye pasipoti. Tupangeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ni miaka mingi sasa naongoza wageni wanaozungumza Kiswahili hapa Berlin, na swali kama lako hulisoma mara mbili. Naanza na hilo uliloliweka mwisho, kwa sababu ndilo linaloweza kuharibu yote mengine.

Rafiki yako Mkenya asipande treni hiyo. Muhuri wa maombi unamruhusu kukaa Poland kihalali wakati anasubiri uamuzi, lakini mwisho wa ruhusa hiyo ni mpaka wa Poland. Haumruhusu kuingia Ujerumani, hata kwa siku moja. Wewe mwenye kadi ya ukaazi ya Poland ambayo haijaisha, au viza ya kitaifa ya aina ya D, unaweza kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Yeye akiwa na muhuri tu, hana haki hiyo. Wanafunzi wengi hawaambiwi jambo hili. Wanaona muhuri wa serikali kwenye pasipoti, wanadhani mambo yameisha.

Na msidanganyike na maneno ya kwamba Ulaya haina mipaka. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mpaka wa Poland Oktoba 2023, na Poland nayo ikafanya hivyo kwa upande wake Julai 2025. Safirini mkijua kwamba mnaweza kukaguliwa kwenda na kurudi. Mwaka mmoja nilisimama stesheni hapa nikimsubiri kijana wa Mombasa aliyekuwa anakuja kwa treni kama yenu. Treni ikafika, abiria wakashuka wote, yeye simuoni. Baada ya nusu saa akanipigia simu akilia: ameshushwa mpakani, ana muhuri tu, na wenzake wameendelea na safari bila yeye. Sitaki hilo limpate mwenzenu.

Kwa hiyo sogezeni tarehe hadi kadi yake itoke. Najua inauma, lakini mkienda watatu, wa nne atabaki bwenini akitazama picha zenu, na urafiki wenu utarudi Poznań na kidonda. Juni, Julai, hata Septemba, Berlin inapendeza. Siku ikifika, kila mtu abebe pasipoti na kadi yake halisi. Picha ya kadi kwenye simu si kadi. Mpolandi abebe kitambulisho chake cha taifa. Na kila mmoja ahakikishe kwamba bima yake ya afya inafanya kazi Ujerumani pia.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe. Wewe umeandika kama mtu anayeomba radhi kwa kutaka kumwona mjusi wa kwao. Mimi nakushauri kinyume chake: anzeni naye, Ijumaa, kabla ya kitu kingine chochote. Wenzako hawatachoka. Wanaochoka makumbusho ni wale wanaozungushwa kwenye vyumba 20 bila kujua wanatazama nini. Ninyi mtaingia na mtu anayetoka mahali mifupa ilipochimbwa. Wageni wengi wa Berlin hawapati bahati hiyo.

Treni ikifika stesheni kuu, Hauptbahnhof, wekeni mabegi kwenye makabati ya stesheni, kisha tembeeni. Fuateni Invalidenstraße kuelekea mashariki. Mwendo wa robo saa hivi kwa miguu na mko kwenye Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe asilia. Jumatatu hufungwa, lakini Ijumaa iko wazi. Wanafunzi wana bei ya chini, basi kadi za chuo ziwe mkononi.

Ukishavuka mlango, ukumbi wa kwanza tu, yuko pale. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27. Kisayansi anaitwa Giraffatitan, yaani twiga jitu. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, na hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa duniani inayompita huyu kwa kimo. Usianze na simu. Nenda kwanza usimame karibu na mguu wake wa mbele, inua shingo taratibu. Mfupa mmoja tu, ule wa juu wa mguu wa mbele, unazidi mita 2, yaani ni mrefu kuliko yeyote kati yenu. Anza hapo, panda na macho hadi kichwani. Ukifika kichwani utakuwa umeshikilia nguo ya mwenzako bila kujua.

Kisha wasimulie. Waambie kilima cha Tendaguru kiko kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, na kwamba wenyeji walikuwa wanaijua mifupa ile kabla Mjerumani yeyote hajaiona. Mwaka 1906 mhandisi mmoja, Bernhard Sattler, alipita huko akitafuta madini akaiona. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho haya yakatuma wataalamu, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Lakini waliochimba ni watu wa kusini mwetu, mamia kwa mamia, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kuutoa mfupa kwenye udongo bila kuuvunja. Mtajie jina hilo kila mmoja wa marafiki zako. Mifupa ikafungwa mizigo, ikabebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafiri hivyo. Na kumbuka mwaka: vita vya Maji Maji viliisha 1907. Wengi wa wachimbaji walikuwa wametoka kwenye njaa na makaburi ya vita hivyo miaka miwili tu kabla.

Niliwahi kumleta pale mzee mmoja kutoka upande wa Kilwa, amekuja kumtembelea mwanawe. Alimtazama mjusi kwa muda mrefu bila kusema neno. Halafu akaniuliza, "Hawa wachimbaji, nani alikuwa anawapikia?" Tangu siku hiyo siwezi kuingia ukumbi ule bila kuwaza mitungi ya maji, mtama unaotwangwa, watoto wanaolia kambini. Tazama pia Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni na wale wadogo walio pembeni, nao ni wa Tendaguru. Bungeni Dodoma wabunge wa kusini wamemuulizia mjusi huyu mara kadhaa: arudi, au faida yake ifike Lindi? Wenzako watakuuliza maoni yako. Toa maoni yako kwa uhuru, pale pale chini ya mifupa.

Mkitoka hapo msipande kitu. Endeleeni na Invalidenstraße hadi stesheni ya Nordbahnhof, mpinde Bernauer Straße. Hapa ndipo pa kuuelewa Ukuta wa Berlin. Wageni wengi hukimbilia Checkpoint Charlie, ambako kile kibanda cha walinzi ni cha kuigiza na maduka ya zawadi yamejaa. Bernauer Straße ni bure, na imeachwa kama kidonda kilichosafishwa. Ukuta huo, uliotenga Berlin Mashariki na Magharibi, ulianza kujengwa 13 Agosti 1961. Katika mtaa huu nyumba za upande mmoja zilikuwa Mashariki, lakini njia ya waenda kwa miguu mbele ya milango yake ilikuwa Magharibi. Watu walikuwa wakiruka kutoka madirishani ili watue nchi nyingine. Madirisha yakazibwa kwa matofali, wakazi wakahamishwa, nyumba zikabomolewa. Watu wasiopungua 140 walikufa kwa sababu ya ukuta huu kabla haujafunguka 9 Novemba 1989. Picha zao zipo, nyuso moja moja, na watoto wamo.

Katikati ya eneo hilo kuna kanisa dogo la mviringo. Kanisa la zamani lilibaki limenaswa kwenye ukanda wa kifo, ile sehemu tupu iliyolindwa mpakani, na serikali ya Mashariki ikalilipua Januari 1985. Hili jipya lilijengwa mwaka 2000 kwa udongo wa kushindiliwa, na ndani ya udongo wakachanganya vipande vya kanisa lililolipuliwa. Weka kiganja ukutani. Utaijua harufu yake: ni ya nyumba ya udongo, kama zile za bibi zetu, katikati ya jiji la vioo.

Kutoka pale fuateni Bernauer Straße hadi ikutane na Brunnenstraße, mpinde kulia, mshuke taratibu kuelekea Rosenthaler Platz. Tafuteni nyumba namba 193, kisha tazameni chini. Kuna jiwe la shaba la sentimita 10 kwa 10 lililopachikwa njiani. Mawe haya huitwa Stolpersteine, na kila moja limewekwa mbele ya nyumba alimokaa mtu aliyeuawa au kuteswa na Wanazi. Hili ni la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana hapa kama Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904. Alikuwa askari mtoto katika jeshi la Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 akaja Berlin, akadai mishahara yake na ya baba yake ambayo haijalipwa, akakataliwa. Akabaki. Alifanya kazi ya uhudumu hotelini, aliigiza kwenye filamu, na alisaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu cha hapa. Mwaka 1941 akakamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alikufa katika kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944.

Nimekaa sana kwenye Ijumaa kwa makusudi. Njia yote hiyo ni ya miguu, ada ya kulipa ni moja tu, na ndani ya alasiri moja mmeona mjusi wa Lindi, ukuta uliogawa Ulaya na jina la Mswahili aliyeishi mtaa huu. Jioni kuleni kebabu ya Kituruki, chakula cha kweli cha jiji hili, bei yake inabebeka kwa mwanafunzi na maduka mengi ni ya Waislamu. Ulizeni tu kama nyama ni halali.

Jumamosi ni ya picha, na hapo kila mtu atapata chake. Anzieni Alexanderplatz. Mnara wa televisheni una mita 368 na foleni yake ni ndefu, tena ghali. Upigeni picha kutoka chini, inatosha. Basi namba 100 ni basi la kawaida la jiji, lakini linapita sehemu nyingi ambazo mabasi ya watalii hutoza hela nyingi kuzionyesha. Mnaotaka makumbusho ya sanaa na mambo ya kale, chagueni moja tu kwenye kisiwa cha makumbusho. Pergamon limefungwa tangu Oktoba 2023 kwa ukarabati wa miaka, msilifuate. Neues Museum lina sanamu ya kichwa cha malkia Nefertiti, iliyochimbwa Misri mwaka 1912, na mkishatoka kwa mjusi mtakuwa na la kujadili mbele yake.

Lango la Brandenburg mtalifikia kwa Unter den Linden. Lilikamilika 1791. Sanamu za farasi wanne zilizo juu yake Napoleon alizichukua akazipeleka Paris 1806, zikarudishwa 1814. Hatua chache kusini kuna nguzo 2,711 za zege, kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa Ulaya. Ingieni katikati mtembee kimya. Vijana hupanda juu kupiga picha wakicheka, nanyi msifanye hivyo. Kisha shukeni Wilhelmstraße. Kwenye namba 92 kuna bango la kumbukumbu: maeneo hayo ndipo lilipokuwa jumba la kansela, ambamo mkutano wa Berlin wa kugawana Afrika ulikaa kuanzia 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Kesho yake, 27 Februari, Kaisari akatia saini hati ya ulinzi kwa mikataba ya Carl Peters ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Kila nikisimama pale na wageni kutoka nyumbani, watu hushangaa jinsi mtaa wenyewe ulivyo wa kawaida, wenye nyumba za ghorofa na baiskeli zimefungwa uani.

Mkenya na wewe mtaguswa hapo, tena sana. Mwaka 2023 watafiti wa taasisi ya makumbusho ya hapa walitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni: 904 ya eneo la Rwanda, 197 ya Tanzania, 27 ya Kenya. Hayaonyeshwi, na ni sawa yasionyeshwe. Mwaka huohuo, 1 Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba msamaha. Ukihisi uzito, waambie wenzako, mkae kwenye benchi, mpumzike. Na kama mna nguvu ya ziada, katika eneo la Neukölln kuna mtaa uliokuwa na jina la Wissmann, yule aliyekuja na jeshi kuzima upinzani wa Abushiri pwani. Tangu 2021 unaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa jina la mama yetu wa Moshi aliyekuwa mwanamke wa kwanza katika serikali ya Tanganyika.

Jumamosi usiku pandeni juu ya bunge, Reichstag. Kuba lake la kioo ni bure, lakini lazima mjiandikishe mapema kwenye tovuti ya bunge kwa majina na tarehe za kuzaliwa, na mlangoni waone pasipoti au kitambulisho cha taifa. Jiandikisheni mara tu mkishapata tarehe, nafasi huisha. Ombeni saa 2 au saa 2 na nusu usiku, kwa sababu kiangazi jua huzama kama saa 3 na zaidi: mtapanda njia ya mzunguko kukiwa na mwanga na kushuka taa za jiji zimewaka. Nje, kwenye kona ya jengo, kuna kipande cha ukuta wa matofali kutoka kiwanda cha meli cha Gdańsk, Poland. Mwachieni rafiki yenu Mpolandi asimulie. Hiyo ni zamu yake, kama Ijumaa ilivyokuwa yako.

Jumapili maduka hufungwa karibu yote isipokuwa ya kwenye stesheni kubwa, kwa hiyo wa kununua vitu anunue Jumamosi. Ninyi nendeni gulio la Mauerpark, kisha East Side Gallery, kilomita 1.3 za ukuta uliochorwa. Hosteli ulizeni kama kodi ya jiji imo kwenye bei.

Hela: changeni mfuko mmoja siku ya kwanza, kiasi sawa, na mmoja awe mweka hazina wa usafiri, maji na chakula cha pamoja. Mambo mengine kila mtu na pochi yake. Mkiwa wanne, tiketi ya saa 24 ya kikundi kidogo, inayobeba hadi watu 5, ni nafuu kuliko kila mtu kukata yake. Ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye kijisanduku cha stesheni kabla ya kupanda. Hakuna mageti, ndiyo maana wageni husahau, na wakaguzi huvaa nguo za kiraia. Faini ni euro 60 kwa kichwa. Maji ya bomba yanyweni bila wasiwasi. Chupa nyingi za plastiki zina amana ya senti 25, zirudisheni kwenye mashine ya dukani.

Ukishapata tarehe mpya niandikie. Kama sina wageni, nitawasubiri Rosenthaler Platz Ijumaa alasiri nikiwa na kitambaa laini mfukoni. Shaba huingia weusi kwa hewa na mvua, na jiwe la Mahjub hulisugua mwenyewe kila nikipita. Safari hii nitakupa wewe kitambaa.